Wanyika Waliogawanyika: Nyimbo Zao na Kiswahili Chetu cha Kampala

Ukitaka kujua kama Mganda anajua Kiswahili, usimwulize. Atakujibu kwamba hajui. Mpigie "Sina Makosa" kisha umtazame midomo. Wimbo huo umefikia zaidi ya miaka arubaini, na bado hapa Kampala hupigwa katika arusi, katika baa za Wandegeya na ndani ya teksi ziendazo Ntinda, na watu wanaoapa kwamba hawana Kiswahili huuimba kuanzia mwanzo hadi gitaa linapochukua nafasi. Waulize baadaye wimbo unasema nini, nao husema: mtu anajitetea. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu tu ya jibu. Makala haya yanahusu nusu iliyobaki, na bendi zilizouleta Kiswahili huo masikioni mwetu.

Historia ya bendi hizi aghalabu husimuliwa kama mkasa wa ugomvi. Ndugu wa familia ya Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, walipiga muziki Tanga katika Jamhuri Jazz Band tangu miaka ya 1960. Mwaka 1970 wakahamia Arusha na kuanzisha Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakavuka mpaka kuingia Nairobi, ambako bendi ilichukua jina la Simba Wanyika. William, ndugu yao, naye alikuwamo. Nairobi ya wakati huo ilikuwa na studio, viwanda vya santuri na kumbi za kulipia, vitu ambavyo Arusha haikuwa navyo kwa kiasi hicho. Mwezi wa Novemba 1978 kundi kubwa la wanamuziki likajitenga, wakiwamo mpiga gitaa la ridhimu Omar Shabani, mpiga besi Tom Malanga, mpiga ngoma Rashid Juma na mwimbaji Issa Juma. Wakamchukua Mtanzania mwingine aliyekuwa Kenya, John Ngereza, wakafanya mazoezi kwa miezi kadhaa, kisha wakafungua dansi katika ukumbi wa Garden Square, Nairobi. Bendi yao iliitwa Les Wanyika, na "Sina Makosa" ukawa wimbo wao wa kwanza kuvuma, mwaka 1979. Issa Juma hakukaa sana. Kufikia mwaka 1981 alikuwa na bendi yake, Super Wanyika Stars. Waliobaki na akina Kinyonga wakajiita Simba Wanyika Original, ili msikilizaji asije akabeba mzigo wa duka jingine.

Tuyatazame majina hayo, maana mwalimu wa sarufi hawezi kuyapita hivi hivi. Jina la kwanza ni kirai: simba wa nyika. Hapo "wa" ni kiunganishi cha umilikishi kinachomtaja simba mmoja. Likaandikwa kwa kuunganishwa, Wanyika, na macho yakaanza kuona kitu kingine, yaani nomino ya watu katika wingi, mfano wa Wakamba au Waganda. Bendi ilipogawanyika, waliotoka walimwacha simba nyuma wakaondoka na "wa nyika", wakatia mbele yake kitambulishi cha Kifaransa. Ilikuwa mtindo wa Nairobi wa wakati huo, kwani wanamuziki wa Kongo waliojitenga na Baba Gaston mwaka 1976 nao walikuwa wamejiita Les Mangelepa. Basi kirai kikawa kabila. Sijui mfano bora zaidi wa kumfundishia mwanafunzi jinsi mpaka wa neno unavyohama bila ya baraza lolote la lugha kuitisha kikao.

Mimi sikubaliani na wanaouhesabu mgawanyiko huo kuwa hasara. Kabla ya mwaka 1978 palikuwa na bendi moja nzuri. Baada yake zilikuwapo mbili, kisha tatu, kila moja ikisikiliza mwenzake anafanya nini na kujaribu kumzidi. Gitaa la ridhimu la Shabani, linalokwenda taratibu kama mtu anayetembea huku anafikiri, lilipata nafasi ya mbele ambayo pengine lisingeipata katika bendi ya wenyewe ndugu. Nao akina Kinyonga walilazimika kuendelea kutunga ili wasisahauliwe.

Turudi kwenye "Sina Makosa". Msemaji katika wimbo anamkabili mwanamume mwenzake ambaye amejaa hasira. Anamwita kwa heshima, kama mtu anayemtuliza mkubwa wake, naye anasema hana kosa. Hadi hapo kila mtu anafuata. Sasa zisikilizeni hoja anazotoa. Kwanza, kila mmoja wetu ana wake nyumbani. Pili, mwanamke tunayegombania si wa mmoja wetu wala wa mwingine. Basi chuki ya nini? Tafadhali msomaji, pima utetezi huo kama hakimu wa mahakama ya mwanzo. Mshtakiwa hakusema kwamba hamjui yule mwanamke. Hakusema kwamba hakuwapo. Alichosema ni kwamba mlalamikaji hana haki ya kulalamika, kwa kuwa naye yumo katika kosa lile lile. Kila hoja inayoletwa kuthibitisha kutokuwa na kosa ni ungamo. Na wake wawili walioachwa nyumbani wametajwa kama hati za kujitetea, kisha hawarudi tena.

Huo ndio ufundi ninaotaka wanafunzi wetu wauone. Katika somo la fasihi tunawafundisha, kwa riwaya na tamthilia, kwamba msimulizi anaweza kusema jambo moja huku maneno yake yakifichua jingine. Tunatafuta mifano mbali, wakati mfano umo katika wimbo wanaoujua kwa moyo. Wapo wenzangu wanaoona kwamba wimbo wa dansi hauna nafasi katika mtaala, kwa sababu hauna vina vya kati wala mizani iliyopangwa. Ni kweli hauna. Lakini mtunzi wa dansi anafungwa na sheria nyingine: anapewa mistari michache, lazima irudiwe mara nyingi, na kila inaporudiwa lazima iweze kubeba uzito zaidi. Mara ya kwanza unapomsikia mtu huyu akisema hana makosa, unamwamini. Mara ya nne, baada ya kusikia hoja zake, unatabasamu. Maneno hayakubadilika hata herufi moja.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Kampala zaidi ya wengine? Kwa sababu ya namna Kiswahili kilivyotufikia. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri, na katika miaka iliyofuata Mganda wa kawaida alikisikia zaidi kutoka kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani: simama, toka, lala chini. Yaani tulianza na hali ya kuamrisha. Wanamuziki nao waliondoka. Orchestra Makassy ilihama Kampala ikaenda Dar es Salaam mwaka 1975, na Samba Mapangala, aliyekuwa hapa na bendi yake ya Les Kinois, alielekea Nairobi mwaka 1977. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaangukia mikononi mwa jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nalo. Waganda wakawaita askari wale "abakomboozi", neno letu la Luganda lililotwaliwa kutoka "wakombozi", na likawa na utani na uchungu ndani yake kwa pamoja.

Mwaka huo huo ndio wa "Sina Makosa". Hapa palikuja Kiswahili cha mtu anayebembeleza, anayeongopa kidogo, anayeomba asiuawe bure. Kilikuwa Kiswahili laini cha watu waliokulia Tanga na Arusha, kikapitia Nairobi, na hakikuhitaji amri ya mtu. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mambo hayo ni mema, nami hula mkate kwa sababu yake. Lakini nasema wazi kwamba Les Wanyika walikifikisha Kiswahili katika nyumba ambazo mitaala yetu bado inabisha hodi.

Tukija kwenye darasa lenyewe, nyimbo hizi zina hazina ambayo kitabu cha sarufi hakina. Chukua "Kajituliza Kasuku", wimbo mwingine wa Les Wanyika. Mwanafunzi Mganda akiona kichwa hicho, huona upatanisho wa kisarufi wa nyumbani kwao: ka- ya kasuku na ka- ya kajituliza, sawasawa na "akanyonyi katudde", yaani kindege kimekaa. Anafurahi kwamba Kiswahili kimekubali kuwa Luganda. Ndipo inapobidi kumweleza kwamba kasuku ni mnyama na huchukua a-, na kwamba ka- ile ni ya kitenzi: akajituliza, a- imeangushwa katika mazungumzo, kama Mtanzania anaposema "kaja" au "kaondoka" bila ya kutanguliza li- yoyote. Nimewahi kufundisha ka- ya masimulizi kwa majedwali wiki nzima, na haikushika kama ilivyoshika kwa kichwa hiki kimoja. "Nilipi la Ajabu" nao hufaa kwa somo la li- inayorejelea "jambo" au "neno" ambalo halikutajwa. Ila wanafunzi waandike "ni lipi", wasiige jalada la santuri.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Wanyika wote, wa simba na wasio wa simba, wana udhaifu mmoja mkubwa: wanawake wao hawajibu. "Paulina", "Pamela", majina ya kike yanapamba majalada, lakini anayezungumza ni mwanamume, tena mwanamume aliyejihurumia tayari. Taarabu ya Tanga na Zanzibar ilikuwa imekwisha kuwapa wanawake ulimi wa kujibu, tena mkali. Watu waliotoka Tanga hawakukosa kuusikia, na bado hawakuubeba. Zaidi ya hayo, kuna nyimbo zao ambazo maneno ni kisingizio tu cha kufikia magitaa. Mchezaji hana shida nazo, ila mhakiki hana la kusema.

Aliyejaribu kutoka nje ya kitanda na barua za mapenzi ni Issa Juma katika "Sigalame". Watu wanaulizana habari za mtu aliyetoweka. Inasemekana yuko upande wa Bungoma, yumo katika biashara. Biashara gani? Msikilizaji wa Kampala wa miaka ya 1980 hakuhitaji kufafanuliwa ni bidhaa gani hupita upande ule, maana sisi ndio tuliokuwa mwisho mwingine wa njia. Magendo yalikuwa yametulisha sukari na sabuni. Kwa maoni yangu huu ndio wimbo wao wenye jicho pana kuliko yote, ijapokuwa sauti ya Issa Juma inasifiwa zaidi katika ule wa mwaka 1979.

Simba Wanyika walifika Ulaya, na mwaka 1992 Uholanzi ikatoa albamu yao "Pepea", yenye baadhi ya nyimbo zao za zamani zilizorekodiwa upya. Ni safi, safi mno. Kila ala inasikika peke yake, na ile hali ya magitaa kubebana imepungua. George alifariki mwaka huo huo, Wilson mwaka 1995. Shabani na Ngereza nao walikuwa wametangulia mbele ya haki miaka michache baadaye.

Kwa wanaofundisha mwaka wa pili: wapigieni wanafunzi "Sina Makosa" mara mbili bila ya kuwapa maandishi, kisha wagawanyeni, nusu wamtetee msemaji, nusu wamshitaki. Mmoja wao na apewe nafasi ya yule mwanamke ambaye si wa mtu.