Juu ya Barua za Waombaji wa Vyuo vya Afya

Yapo maandishi ambayo husomwa kwa makini lakini hayahakikiwi kamwe. Mojawapo ni barua ya mwombaji wa chuo cha afya, ile anayoeleza yeye ni nani na kwa nini anataka kuwa daktari, mkunga au muuguzi. Vyuo vingi vya hapa Tanzania humchagua kijana kwa alama zake za Bayolojia, Kemia na Fizikia, wala havimuulizi yaliyomo moyoni. Lakini aombaye nafasi ng'ambo aghalabu hana budi kujieleza. Marekani, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya udaktari humpa herufi 5,300 pamoja na nafasi zake. Uingereza humpa 4,000, na kwa wanaoanza masomo mwaka 2026 insha ile moja imegawanywa kuwa maswali matatu: kwa nini unataka somo hili, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa.

Hapa Chake Chake vijana huniletea rasimu zao niwasomee. Nimesoma nyingi, na nazihesabu kuwa ni utanzu kamili, wenye kanuni zake na maradhi yake.

Maradhi ya kwanza yako mwanzoni. Karibu zote husema kwamba tangu utotoni mwandishi alitamani kuitumikia jamii. Sentensi hiyo si ya uongo, ila haina mwenyewe. Ukiihamishia katika barua ya mwingine itakaa vilevile. Sababu yake naijua. Tumelelewa tukiambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana wa Kipemba akitakiwa ajisifu huona haya, na haya hiyo humfanya ajifiche nyuma ya maneno makubwa. Kumbe msomaji hataki sifa, anataka ushahidi. Kijana mmoja aliandika juu ya siku ya dawa za kichocho skulini kwao, watoto wakisimamishwa mmoja mmoja kwenye ufito wa kupimia urefu ili ijulikane kila mmoja ameze vidonge vingapi. Yeye ndiye aliyeshika ufito. Akamwona mtoto anaficha kidonge shavuni, akamvuta pembeni na kumuuliza, akaambiwa kwamba hajala tangu jana na mara iliyopita dawa ilimtapisha. Akamtafutia kwanza chakula. Ni mistari sita tu, neno huruma halimo, na huruma imejaa tele.

Maradhi ya pili ni mazito zaidi, kwa sababu huwapata waandishi hodari. Msomaji hupenda kisa, na kijana akishalijua hilo hutafuta mgonjwa wa kumsimulia. Binti mmoja aliniletea barua iliyonitoa machozi: mama mjamzito wa kijijini kwao, uchungu wa usiku, gari lililokosekana, mtoto aliyezaliwa amekwisha kufa. Kila kitu kilitajwa: shehia, mwezi, umri wa mama, kazi ya mumewe, hata minong'ono ya majirani. Kwa ufundi wa lugha, sikusoma nyingine iliyoifikia mwaka ule. Nikamuuliza, "Mwanangu, mwenyewe anajua?" Akajibu, "Maalim, barua inakwenda Ulaya, nani atamjua huko?"

Jibu lake si la kipuuzi, ila halitoshi. Kabla ya kufika Ulaya, barua hupita kwa mwalimu, kwa mchapaji, kwa binamu mwenye kompyuta. Na Pemba ni ndogo. Hata kama isingepita kwa yeyote, kiapo kinachoitwa cha Hippocrates, chenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, humkataza mganga kutangaza anayoyaona majumbani mwa watu. Asiyeingia bado chuoni akaanza kwa kuufanya msiba wa mwenziwe nauli yake, ataizuilia nini siri ya mgonjwa akishavaa koti jeupe?

Wako watakaosema kwamba tukikataza hayo hakutabaki kisa. Nakataa. Tazama barua ya ufito: mtoto hatambulikani, na mwandishi anaonekana wazi, tunaona alichofanya. Katika barua ya pili mama ameanikwa, na binti mwenyewe amesimama mlangoni tu, anatazama. Hapo kosa la adabu na kosa la uandishi ni kosa moja. Swali la tatu la Waingereza linauliza umefanya nini, haliulizi umeona wenzio wakifikwa na nini.

Binti yule alikwenda kumwomba mama ruhusa, akakataliwa. Akakifuta kisa chote, akaandika jinsi anavyomuuguza bibi yake mwenye kisukari, kwa idhini ya bibi: kumkagua nyayo kila jioni, kumpimia chakula, kugombana naye juu ya sukari ya chai. Barua hiyo ilikuwa kavu kuliko ile ya kwanza, wala hainitoi machozi. Lakini ningeugua mimi, ningependa aitwe aliyeandika hiyo ya pili.