Kikaratasi Kiko Wapi?

Nilipokuwa darasa la tano, kwenye imla ya Kiingereza, niliandika "iland". Mwalimu akaizungushia wino mwekundu, akauliza S iko wapi. Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeandika nilichosikia, kama tuandikavyo Kiswahili. Ukubwani, nikipekua kamusi kubwa ya Oxford kwa shughuli nyingine kabisa, nikakuta Waingereza wenyewe waliiandika hivyo hivyo kwa karne kadhaa.

Lugha yao ina maneno mawili ya kisiwa: island na isle. Ukiyatazama utaapa ni mtu na mdogo wake, maana hata ile S bubu wanayo wote. Kumbe si ndugu hata wa kunyonya. Isle lilivuka bahari pamoja na Kifaransa, nacho kililirithi kwa Kilatini, insula. Insula hiyo ndiyo iliyotupa insulini, kwa kuwa homoni hiyo hutoka kwenye vikundi vya seli za kongosho vinavyoitwa visiwa vya Langerhans. Island ni mwenyeji. Kiingereza cha kale kilikuwa na ieg, yaani kisiwa, kikalibandika kwenye land, nchi. Ieg bado imejificha mkiani mwa jina Sheppey, "kisiwa cha kondoo", karibu na mlango wa mto Thames.

S iliingia katika karne ya 16. Wasomi waliolewa Kilatini walidhani iland ni isle iliyounganishwa na land, wakamrudishia mwenyeji koti ambalo hakuwahi kulivaa. Mwaka 1740 kamusi ya Akademia ya Ufaransa iliifuta S ya kwao na kuivisha i kofia: île. Waingereza wameng'ang'ania yao mpaka leo, na watoto wa watu wanakosa maksi.

Haya yamejulikana kwa kazi ya watu wa vikaratasi. James Murray, mhariri wa ile kamusi kubwa ya Oxford, alifanya kazi ndani ya banda la bati uani kwake, Oxford, kuta zimejaa vijisanduku. Wasomaji wa kujitolea walimletea vikaratasi kwa maelfu: neno juu pembeni, kisha mwaka, mwandishi, kitabu, na sentensi yenyewe nzima. Wanawe walivipanga kwa alfabeti wapate vijisenti. Sehemu ya kwanza ilitoka 1884, ya mwisho 1928. Murray alikuwa amefariki 1915. Chukua vikaratasi vya neno letu, vitandaze mezani kwa mfuatano wa miaka: yland, iland, iland tena, halafu ghafla S inachungulia. Fundi anapaona pale mgeni alipoingia, na anaweza kukutajia jina la kitabu. Mimi sijui kazi nyingine inayodai subira kiasi hicho kwa ajili ya herufi moja isiyotamkwa.

Barazani kwetu yuko mzee mmoja anayependa kuchambua maneno. Juzi alitueleza kwamba kisiwa kimetokana na siwa, lile baragumu la pembe za ndovu la Pate, kwa sababu visiwa vya zamani vilitawaliwa kwa kupulizwa siwa. Alisema vizuri, kahawa ikapoa mikononi mwetu.

"Sawa, mzee wangu," nikamwambia. "Kikaratasi kiko wapi?"