Fouga peke yake haitoshi

Bandugu, batu benye kutengeneza maketi za vita wana desturi hii: wanapatana mada moja, kila mmoja anachagua maketi yake. Mada ikiwa Kongo 1960–1963, wengi wanakimbilia Fouga Magister ya Katanga. Naelewa juu ya nini: ni ndege ndogo, mkia wake kama V, tena ina hadithi. Katanga ilipata tatu tu, mwanzo wa 1961. Mu Septemba ilibakia moja ya kuruka, na hiyo moja ndiyo ilipiga Waairlandi wa ONU kule Jadotville, Likasi ya leo.

Lakini ikisimama peke yake, inadanganya. Pembeni yake iwekwe Saab J 29 ya Waswidi, iliyofika Oktoba. Na mmoja atengeneze mahema: mwaka ule ule maelfu ya Baluba wa Kasai walikimbilia kambi ya ONU hapa hapa, Élisabethville. Bakambo waliolala mu mahema yale, mkia wa V hauwaambii kitu.

Mbele ya kununua katoni, tuulizane: nani tumemwacha inje ya meza?