Saketi Inayosema na Kusikiliza

Fundi wa redio hutaka osileta, yaani saketi inayozalisha mawimbi, yenye nguvu, isiyotikiswa na chochote kilicho karibu nayo. Fundi wa spektroskopia ya sumaku hutaka kinyume chake: osileta iliyo karibu kuzimika, ambayo viini vya atomu vikichota kwake nishati kidogo tu, inalegea papo hapo na kumjulisha. Kuunda kitu dhaifu kwa makusudi, kisha kukifanya kitulie kazini saa nzima, ni ufundi wa hali ya juu.

Evgeny Zavoisky alilijua hilo mapema. Mwaka 1944, huko Kazan, aliweka sampuli ndani ya koili ya osileta, akatazama mkondo wa gridi ya vali, na humo akaiona rezonansi ya elektroni, yaani elektroni zikinyonya nishati kwenye masafa yake maalumu.

Ndani ya osileta, koili na kapasita hupokezana nishati kama bembea inavyokwenda na kurudi. Kila safari kidogo hupotea, na vali hurudisha kilichopotea. Ikirudisha kwa wingi, hasara ndogo haionekani. Tena mawimbi makali huvishibisha viini, navyo huacha kunyonya. Ndiyo maana fundi hupunguza msukumo hadi ubaki ule unaotosha tu. Protoni za maji katika uga wa sumaku wa tesla 0.5 huitikia karibu na megahezi 21.3; masafa yakikutana na uga huo, ukubwa wa mtetemo hushuka. Koili moja imesema, na hiyo hiyo imesikia.

Robert Pound alikuwa mmoja wa watatu walionasa rezonansi ya protoni za nta ya parafini pale Harvard mwishoni mwa 1945. Wao walitumia saketi ya daraja, ambayo ukibadilisha masafa huna budi kuisawazisha upya. Saketi ya osileta dhaifu aliyoichapisha pamoja na Walter Knight mwaka 1950 iliondoa adha hiyo, na ikawa pia kipimo cha uga wa sumaku: ukishajua masafa ya protoni, umeujua uga.

Ilibaki kero moja. Kila masafa yaliposogezwa, msukumo nao ulidai kurekebishwa. F. N. H. Robinson wa Oxford aliitatua mwaka 1959 kwa kugawa kazi: sehemu moja ikuze ishara, nyingine iikate na kuilisha koili mkondo usiobadilika. Hapa ndipo ufundi huu unapopendeza zaidi, kwa kuwa hakuongeza nguvu popote. Alipanga upya majukumu tu.

Mipigo mifupi ya mawimbi ilipotawala maabara kubwa, osileta hizi hazikutupwa. Klorini iliyo ndani ya paradiklorobenzini, dawa ya kufukuza nondo kabatini, huitikia karibu na megahezi 34.3 bila sumaku yoyote. Hapo hakuna uga wa kubadilisha. Mtafutaji hupitisha masafa yenyewe polepole, na kazi hiyo saketi ya Robinson inaiweza hasa. Masafa ya klorini hushuka dutu ikipata joto, na kwa sababu hiyo klorati ya potasiamu, ambayo nayo ina klorini, imetumika kutengenezea vipimajoto.