Mkono Uliomo Ndani ya Baragumu

Mpiga baragumu la Kifaransa huielekeza ala yake nyuma, na mkono wake wa kulia ameuingiza ndani ya mdomo mpana wa ala hiyo. Siku hizi mkono huo kwa kawaida hushikilia ala na kurekebisha sauti kidogo. Zama za mtunzi Mozart, mkono huo ndio uliokuwa ufundi wenyewe.

Baragumu la karne ya 18 halikuwa na vali, yaani vizibo vya kubadilisha urefu wa bomba. Lilikuwa bomba la shaba lililozungushwa, la urefu wa mita nne hivi, na bomba la namna hiyo lina sauti chache lilizozaliwa nazo. Za chini zimeachana mno. Ukipanda juu ndipo zinapokaribiana. Mpigaji huzichagua kwa kukaza na kulegeza midomo tu, na akikosea kidogo huangukia sauti ya jirani. Baina ya sauti hizo kuna mapengo. Katikati ya karne hiyo, mjini Dresden, mpiga baragumu Anton Hampel aliweka utaratibu wa kuyajaza: ziba mdomo wa ala kwa kiganja, sauti inashuka, ondoa, inarudi. Kasoro ni kwamba iliyozibwa hutoka puani, ilhali jirani yake iliyo wazi inang'aa. Fundi huituliza ya wazi na kuisukuma iliyozibwa mpaka usitambue zinapopishana. Au huacha tofauti isikike makusudi, maana ile ya puani ina uchungu wake.

Joseph Leutgeb alikuwa fundi wa kiwango hicho. Alipopiga Paris mwaka 1770, gazeti la Mercure de France lilimsifu kwamba anaimba muziki wa polepole kama mwimbaji mahiri. Mozart alimfahamu tangu utotoni huko Salzburg, na baadaye, wote wakiwa Vienna, akamtungia koncheto, yaani kazi za mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra.

Ninayoipenda kuliko zote ni ile yenye namba K. 447 katika orodha ya kazi za Mozart. Katikati ya sehemu ya kwanza muziki unahamia ghafla kwenye ufunguo wa mbali, ambako sauti za wazi ni haba, na mpigaji analazimika kutegemea kiganja chake. Mtunzi asiyeijua ala angepaepuka mahali hapo. Mozart anampeleka rafiki yake huko kwa sababu anajua anaweza, na kivuli kinachouangukia muziki dakika hiyo kinatokana na shaba na nyama ya mkono. Mpiga baragumu Dennis Brain alirekodi koncheto zote nne mwaka 1953 kwa baragumu la vali, kila sauti ikatoka laini, na rekodi hiyo inastahili sifa zake zote. Ila hapo mahali pa giza pamesafishwa mno. Mtunzi Brahms naye, alipotunga kazi yake ya wapigaji watatu, wa piano, fidla na baragumu, mwaka 1865, vali zikiwa zimeshaenea, bado alitaka ala ya zamani.

Mozart alimtania Leutgeb bila huruma. Juu ya hati ya K. 417, ya tarehe 27 Mei 1783, aliandika kwamba amemhurumia Leutgeb, punda, ng'ombe na mjinga. Hati ya K. 495 aliiandika kwa wino wa rangi mbalimbali: mweusi, mwekundu, buluu, kijani. Wapo wanaosema rangi zile ni maelekezo kwa mpigaji. Mimi naona ni utani uleule. Wenye watani wao wataelewa: hutukanwi hivyo na mtu asiyekuthamini.

Kisha ikaja K. 412 ya mwaka 1791. Leutgeb alikaribia miaka 60, na noti zake safari hii hazipandi juu sana wala hazimsumbui kwa sauti ngumu za kuziba. Mozart alipenda wimbo umkae mwimbaji kama nguo iliyoshonwa vizuri. Hapa alishona upya kwa vipimo vya mzee. Maneno hayakulainishwa, hata hivyo. Juu ya noti za sehemu ya mwisho alimwandikia kejeli kwa Kiitaliano, mstari kwa mstari, anamhimiza, anamwita punda, na mwishoni anaishukuru mbingu kwamba kazi imekwisha. Mozart alifariki Desemba mwaka huo kabla ya kuikamilisha. Mwanafunzi wake Süssmayr aliimalizia mwaka uliofuata, akaziacha nje kejeli zote, na ndani yake akatia wimbo wa kanisani wa Maombolezo ya Yeremia.