Uhakiki wa Istilahi: Lishe kwa Vena Nyumbani

Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno anayokutana nayo mfasiri anapotaka kueleza kwa Kiswahili tiba ya kumpatia mgonjwa virutubisho kwa njia ya damu, akiwa nyumbani kwake, kwa miezi au miaka. Tumeichagua dhana hii kwa sababu kosa la istilahi ndani yake si aibu ya mfasiri tu, laweza kuua.

Yafaa kwanza dhana yenyewe ieleweke. Mtu aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, au ambaye utumbo wake umeharibiwa na maradhi hata hauwezi kufyonza chakula, hula bila kunufaika. Mwaka 1968 Stanley Dudrick na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walitangaza kwamba watoto wa mbwa waliolishwa kwa vena pekee walikua kama wenzao waliokula kwa kinywa. Mwaka 1970 Belding Scribner na wenzake wa Seattle waliandika juu ya tiba hiyo kwa muda mrefu, wakaiita 'utumbo bandia'. Msingi wake haujabadilika: mfuko wa maji yenye sukari, asidi amino, mafuta, chumvi na vitamini huunganishwa na katheta ambayo ncha yake imefika katika vena kuu karibu na moyo. Aghalabu mgonjwa hujiunganisha jioni, pampu ikafanya kazi usiku kwa saa 10 hadi 14, naye asubuhi akajifungua na kwenda kwenye shughuli zake.

Sasa tuyatazame maneno. La kwanza ni 'dripu ya chakula'. Neno hili lina sifa ya kueleweka upesi, lakini linaeleweka vibaya. Kwa watu wengi dripu ni 'kuongezewa maji': jambo la siku moja au mbili, sindano ikiwa mkononi. Lishe tunayoizungumzia ni nzito mno kwa mishipa midogo ya mkono, ndiyo maana hupelekwa katika vena kubwa. Anayedhani ni maji tu hataona hatari ya kuyaharakisha ili amalize mapema.

La pili ni 'kulisha kwa mpira'. Hili ndilo tunalolipinga kwa nguvu zaidi. Hospitalini 'mpira' ni ule upitao puani hadi tumboni, tena ni ule wa mkojo. Tukiuongeza wa tatu, uingiao kwenye damu, tutakuwa tumetumia neno moja kwa njia tatu zisizopaswa kuchanganywa kamwe. Imewahi kutokea chakula cha tumboni kikaunganishwa na mrija wa vena, na wagonjwa wakafa. Ili kuzuia ajali hizo, mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha viungio vya mirija ya chakula cha tumboni, kusudi visiingiane na vile vya vena. Mafundi wamezitenganisha njia hizo kwa umbo. Hatuoni kwa nini wafasiri waziunganishe kwa neno.

La tatu, 'utumbo bandia', linavutia kwa kuwa linafanana na 'figo bandia'. Hata hivyo mfanano huo ni wa juu juu. Figo bandia huchuja damu kama figo. Mfuko na pampu havisagi wala havifyonzi chakula, vinaukwepa utumbo. Istilahi ya Kiingereza yenyewe, iliyoundwa kwa maneno ya Kiyunani, ina maana ya 'kando ya utumbo'.

Wapo watakaouliza: kwa nini tusiseme 'mshipa', neno letu wenyewe? Tunakubali kwamba rasilimali ya Kiswahili yapasa kutazamwa kwanza. Lakini 'mshipa' umekwisha kubeba mizigo mingi: mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, na hata ugonjwa wa ngiri. 'Vena' limezoeleka katika masomo ya elimuviumbe. Mgonjwa asiyelijua aelezwe mara moja, 'vena, yaani mshipa urudishao damu moyoni', kisha neno litumike lilelile hadi mwisho wa kijitabu.

Aidha, tunaonelea 'lishe' ni bora kuliko 'kulisha'. Anayelishwa ni mtoto au mtu asiyejiweza. Huyu hujiunganisha mwenyewe, na pengine hula kidogo kwa kinywa. Vilevile 'ya muda mrefu' isifasiriwe 'ya kudumu'. Wako ambao utumbo uliosalia huzoea kazi wakaacha tiba hii. Mfasiri hana ruhusa ya kumfunga mgonjwa maisha kwa kivumishi.

Limebaki neno dogo lenye hatari kubwa kuliko ukubwa wake. Vijidudu vikipita katika katheta huingia moja kwa moja katika damu, na hilo ni miongoni mwa mambo yanayoogopwa zaidi katika tiba hii. Mfasiri anayeandika 'glavu safi' amempa mama wa nyumbani ruhusa ya kutumia zilizooshwa kwa sabuni. Anayeandika 'glavu tasa' amezipa glavu sifa ya asiyezaa. Tunapendekeza 'zilizotakaswa', na mara ya kwanza iongezwe 'yaani zisizo na kijidudu hata kimoja', kwa kuwa kutakasa katika matumizi ya kawaida ni kusafisha tu.

Kwa muhtasari, tunapendekeza: 'lishe kwa vena' kwa tiba yenyewe, 'lishe kwa vena nyumbani' kwa aina yake inayofanyika nje ya hospitali, 'katheta ya vena' kwa mrija wake, na 'mpira wa tumbo' kwa ule upelekao chakula tumboni. Maneno 'katheta' na 'mpira' yasiandikwe peke yake katika maelekezo yoyote ya tiba hii, hata pale ambapo mwandishi anadhani muktadha unatosha. Msomaji aliye peke yake usiku, mfuko mkononi, hana mtu wa kumuuliza muktadha. Walimu wa wauguzi na wafasiri wa wizara wanaombwa kuyajaribu mapendekezo haya katika kazi zao na kutuletea maoni.