Nitrojeni inapotelea wapi? Uchambuzi wa kilindi cha Ziwa Tanganyika

Dagaa wa Kigoma wakiadimika na bei ikapanda, sisi wa Isevya, Tabora, tuna maelezo tuliyoyazoea: wavuvi wameongezeka, nyavu zimekuwa nyingi, matundu yake yamekuwa madogo. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayajakamilika. Dagaa hula vijidudu vya majini, vijidudu hivyo hula mwani, na mwani hauoti bila mbolea. Sehemu kubwa ya mbolea hiyo hupanda kutoka kwenye kilindi cha ziwa lenyewe, ikipitia tabaka la maji lililo kwenye kina cha mita mia moja hivi, na hapo bakteria huigeuza sehemu yake kuwa gesi isiyoufaa mwani. Makala hii inaeleza jinsi upotevu huo ulivyothibitishwa, na kwa nini ushahidi wake unapaswa kuwa mezani kila inapopangwa idadi ya samaki wa kuvuliwa.

Kwanza tulielewe ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofika mita 1,470, na linagawanywa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Maji ya juu yana joto na ni mepesi. Ya chini ni baridi kidogo na mazito zaidi, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuyazuia yasichanganyike. Kwa hiyo oksijeni huishia kwenye mita mia moja hivi upande wa kaskazini, na hushuka zaidi upande wa kusini. Chini ya hapo, zaidi ya kilomita moja ya maji haina samaki hata mmoja.

Haina samaki, lakini ina uhai mwingi. Kila mwani unaokufa juu huzama, na bakteria huumeng'enya njiani na kwenye tope la sakafuni. Utaratibu wao unafanana na ule wa mashapo ya bahari kuu. Oksijeni ikiwepo, huitumia hiyo kwanza kupumua. Ikiisha hugeukia nitrati, kisha manganizi na chuma, kisha sulfati, na mwisho kabisa huja wale wanaotengeneza methani. Bahari na ziwa hutofautiana katika akiba. Maji ya bahari yamejaa sulfati, hivyo wanaoitumia hutawala sehemu kubwa ya mashapo ya pwani na miteremko yake. Tanganyika ina sulfati kidogo, kwa hiyo watengenezaji wa methani wana nafasi kubwa, na kilindi chake kimelimbikiza gesi hiyo kwa wingi.

Mmeng'enyo huo huacha mbolea mbili zinazotuhusu: fosforasi, na nitrojeni iliyo katika umbo la amonia. Zote hulundikana chini. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye mbolea hupanda upande wa kusini, karibu na Mpulungu. Upepo ukitulia, matabaka ya ndani huyumba kwenda na kurudi kwa wiki kadhaa, na kila yanapoyumba hupandisha mbolea kidogo. Huo ndio moyo wa uvuvi wa Tanganyika.

Shida ilionekana kwenye vipimo vya kemia. Ukishusha chupa hatua kwa hatua, unakuta nitrati, umbo jingine la nitrojeni, ikiongezeka hadi karibu na mpaka wa oksijeni, kisha inatoweka. Ukiipandisha kutoka chini, unakuta amonia nyingi, nayo inatoweka karibu na mpaka huohuo. Fosforasi haitoweki hivyo. Maji yanayopanda huwa yamepungukiwa na nitrojeni kuliko inavyotarajiwa ukilinganisha na fosforasi yake. Kuna kinachoila nitrojeni hapo katikati.

Mshukiwa wa kwanza alijulikana zamani: bakteria wanaopumua nitrati na kuitoa ikiwa gesi ya nitrojeni, ileile inayojaza hewa tunayovuta. Mshukiwa wa pili alitabiriwa kwenye karatasi mwaka 1977 na Engelbert Broda wa Austria, aliyepiga hesabu za nishati na kusema lazima kuwe na bakteria wanaoweza kuunganisha amonia na nitriti, ndugu wa nitrati, pasipo oksijeni, wakapata gesi hiyohiyo. Miaka ya 1990 walipatikana kwenye mtambo wa maji taka huko Delft, Uholanzi. Mwaka 2002 Bo Thamdrup na Tage Dalsgaard waliwaonyesha wakifanya kazi kwenye mashapo ya bahari, na mwaka 2003 wakaonekana kwenye maji ya Bahari Nyeusi. Bado hakuna aliyekuwa amewaonyesha kwenye ziwa la maji baridi. Carsten Schubert wa taasisi ya maji ya Uswisi, Eawag, pamoja na wenzake, Thamdrup akiwemo, wakawatafuta Tanganyika.

Ugumu wa kazi hiyo ni kwamba washukiwa wote wawili hutoa gesi moja, na gesi hiyo imejaa kila mahali. Kuipima peke yake hakumtaji aliyeitoa. Dawa yake ni kuweka alama. Atomu nyingi za nitrojeni zina uzito wa 14, na kama 4 tu katika kila 1,000 zina uzito wa 15. Kiwandani inawezekana kutengeneza nitrati ambayo karibu yote ni ya uzito wa 15. Mfanyabiashara wa Tabora enzi za misafara, aliyetaka kujua pembe zake za ndovu ni zipi zikifika Bagamoyo, angezichora alama kabla hazijachanganyika na za wenzake; mwanasayansi naye anaitia nitrati alama kabla ya kuwakabidhi bakteria.

Njia hiyo hufanyika hivi. Maji huchotwa kwenye kina kilichokusudiwa kwa chupa inayojifunga ikiwa hukohuko chini, kisha huhamishiwa polepole kwenye chombo ili yasiguse hewa. Gesi ya heliamu hupulizwa ndani kufukuza chembe za oksijeni na kupunguza nitrojeni iliyokuwemo. Maji hugawanywa kwenye vichupa vidogo vya kioo vyenye vifuniko vya mpira, nitrati yenye alama ikadungwa kwa sindano, na vichupa vikawekwa gizani kwenye joto la kilindini. Kila baada ya saa kadhaa, baadhi hutiwa sumu ili bakteria wasimame hapohapo walipofikia. Mwishoni gesi hupitishwa kwenye spektromita ya masi, mashine inayotenganisha molekuli kwa uzito wake.

Molekuli ya gesi ya nitrojeni ina atomu mbili. Zote zikiwa za 14, uzito ni 28, na hizo haziwezi kutusaidia kwa kuwa zimejaa hewani. Uchunguzi wote uko kwenye 29 na 30.

Tuseme robo tatu ya nitrati iliyomo kichupani ina alama na robo haina. Anayepumua nitrati huchukua atomu zote mbili kwenye ghala moja, bila kuchagua. Katika kila jozi 16 atakazounda, 9 zitakuwa na alama pande zote (30), 6 zitakuwa na alama upande mmoja (29), na 1 haitakuwa na alama (28). Basi kwa kila 9 za uzito wa 30 tunatarajia 6 za uzito wa 29. Zikipatikana 10, zile 4 za ziada hakuziunda yeye. Zimeundwa na anayechukua atomu moja kwenye amonia isiyo na alama, na nyingine kwenye nitriti iliyotokana na nitrati yenye alama. Ziada hiyo ndiyo saini ya mshukiwa wa pili.

Saini ilionekana. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, mshukiwa wa pili alikutwa akifanya kazi kwenye kina cha mita 100 hadi 110, na hadi asilimia 13 hivi ya gesi ya nitrojeni iliyokuwa ikizalishwa ilikuwa yake. Iliyobaki ilitokana na wapumuao nitrati. Watafiti hawakuridhika na shahidi mmoja. Walitafuta majini mafuta ya pekee yanayojenga utando wa bakteria hao, yenye molekuli zilizopangwa kama vipago vya ngazi, wakayapata. Kisha wakatumia vipande vya vinasaba vinavyong'aa chini ya darubini na kuishika jamii inayotafutwa peke yake, wakawaona bakteria wenyewe, ndugu wa wale wa Bahari Nyeusi. Kemia, mafuta na vinasaba vilitoa jibu moja. Ukubalifu wa matokeo hayo unasimama juu ya mashahidi hao watatu.

Njia hiyo ina mipaka yake. Kichupa si ziwa: hakina upepo wala mwani unaoendelea kunyesha kutoka juu. Tena kinaeleza kasi ya mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kazi zilizofuata zina uzito. Mwaka 2021 Patricia Tran na wenzake, wakiwemo watafiti wa Tanzania, walichapisha uchambuzi wa vinasaba vya sampuli 24 za maji, kuanzia juu hadi mita 1,200, wakajenga upya jenomu zaidi ya 500. Zimo jamii ambazo hazikuwa zimetambuliwa, na mbili wamependekeza ziitwe Tanganyikabacteria na Ziwabacteria. Vinasaba vinatuonyesha nani ana uwezo wa kufanya nini. Atomu zenye alama zinatuonyesha nani anakifanya kweli. Ziwa hili linahitaji vipimo vyote viwili.

Tope la sakafuni nalo linatunza kumbukumbu ya shughuli hizi. Nitrati inayoliwa pale mpakani hutengenezwa juu kidogo na viumbe hai, wengi wao wakiwa akea, viumbe wadogo kama bakteria, wanaoichoma amonia kwa oksijeni. Molekuli za utando wa akea hao huongeza pete kadiri maji yanavyopata joto, nao wakifa utando huzama na kuhifadhiwa matopeni. Jessica Tierney na wenzake walisoma pete hizo kwenye tope lililochimbwa eneo la Kalya, wakaonyesha mwaka 2010 kwamba joto la maji ya juu la mwishoni mwa karne ya 20 halina mfano katika miaka 1,500. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake, kwa kutumia kaboni ya matopeni pamoja na vipimo vya joto vilivyoanza mwaka 1913, walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walikadiria kwamba sakafu yenye oksijeni, katika maeneo waliyoyachunguza, imepungua kwa asilimia 38 tangu 1946.

Ukiyaweka pamoja, mlolongo uko wazi. Maji ya juu yakipata joto huzidi kuwa mepesi, na upepo uleule huinua mbolea pungufu kuliko awali. Hata hiyo inayoinuka hulazimika kupita kwa bakteria wa mpakani, ambao hawaachi kuipunguza nitrojeni yake. Mwani hupata mbolea kidogo, na dagaa hupata chakula kidogo.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne. Naunga mkono hatua hiyo. Iliangukia msimu wa upepo, mbolea inapopanda na ziwa linapojilisha, na samaki wanaoachwa wakakua wakati huo hukua kwa faida. Lakini kupumzisha nyavu hakuongezi hata punje ya mbolea. Kiasi cha samaki ambacho ziwa linaweza kutoa kinabadilika, na kinaelekea kushuka.

Kwa hiyo kina cha mpaka wa oksijeni, joto la maji na mbolea inayopanda vipimwe kila mwezi mwaka mzima, katika nchi zote nne, kwa utaratibu tunaopimia mvua, na matokeo yake yaingie moja kwa moja kwenye hesabu ya boti na nyavu zitakazoruhusiwa. Sehemu kubwa ya vipimo hivyo inahitaji chupa, kamba, kipima oksijeni na mtu makini. Spektromita inaweza kungoja, ikatumika mara chache kwa mwaka. Tukiendelea kupanga uvuvi kwa kumbukumbu za miaka ya neema, tutakuwa tunagawana samaki ambao ziwa halina tena mbolea ya kuwakuza.